Ini Halingoji. Wewe Unangoja Nini?

Wewe wa Kilelengwani, homa ya ini umepimwa?

Sijauliza malaria. Kwa malaria kidole chako kimedungwa tangu ukibebwa mgongoni. Sijauliza UKIMWI, kipimo hicho umeshakizoea. Nauliza ini. Nauliza kirusi kinachoitwa C, kinachoingia kwa damu, kikakaa miaka 20 bila kubisha hodi. Siku kinapobisha, tumbo limejaa maji, macho yamegeuka manjano, na jamaa wanahangaika kumtafuta aliyekuroga.

Umepimwa?

Jibu lako nalijua. "Mimi niko sawa." Umelima, umevua, umechunga, umepanda bodaboda mpaka Garsen ukarudi, na hakuna kilichokuuma. Basi sikiza vizuri. Hakiumi. Watu 100 wakiingiwa na kirusi hiki, kama 30 miili yao hukifukuza yenyewe ndani ya miezi 6. Hao 70 waliobaki wanaishi nacho. Wanaoa nacho, wanazaa nacho, wanazeeka nacho. Na katika kila mia ya wanaoishi nacho, kati ya 15 na 30 watafika mwaka wa 20 ini likiwa limejaa makovu, na juu ya makovu hayo ndipo saratani ya ini hupenda kuota.

Unangoja maumivu? Maumivu huja mwisho wa safari.

Mwaka 2022, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watu milioni 50 walikuwa wakiishi na homa ya ini aina ya C. Wengi wao hawakujua. Wanakwenda shamba, wanakwenda msikitini, wanakwenda kanisani, hawajui. Mwaka huohuo ugonjwa huu uliua watu wapatao 240,000.

Na unapona!

Soma tena. Homa ya ini aina ya C inapona.

Sisemi inatulizwa. Sisemi utameza dawa mpaka uingie kaburini. Nasema inapona, kirusi kinatoka mwilini na hakibaki. Vidonge vya kumeza kila siku kwa wiki 12, na katika watu 100 wanaotibiwa, zaidi ya 95 wanapona. UKIMWI hatujaweza kuufanya hivyo. Homa ya ini aina ya B, kwa walio wengi, hatujaweza. Hii tumeweza. Kirusi chenyewe kilitambuliwa mwaka 1989. Miaka mingi baada ya hapo tiba ilikuwa sindano za interferon, kila wiki, kwa miezi 6 au mwaka mzima, mgonjwa akitetemeka homa na kukosa usingizi, na mwisho wa mateso hayo karibu nusu yao hawakupona. Mwaka 2013 kidonge cha sofosbuvir kikaidhinishwa Marekani na mambo yakageuka. Mwaka 2020 Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice wakapewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi ya kukigundua kirusi hiki.

Watu wamekesha maabara miongo mizima kwa ajili ya ini lako.

Wewe umeombwa tone moja la damu.

Tone moja!

"Lakini kwetu ni mbali." Hilo nimelisikia. Ndiyo, ni mbali. Kilelengwani iko ndani kwenye delta ya Tana, mto unapojigawa kabla ya kumwagikia baharini Kipini. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Hola. Ngao ina hospitali, lakini kutoka kwako kufika Ngao si kuvuka barabara. Malindi iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Garsen. Mvua ikinyesha milimani, wewe ndiye unayelala juu ya paa. Ulilala juu ya paa 2018. Ukalala tena mwisho wa 2023, na 2024 maji yakarudi hata matope ya kwanza hayajakauka. Nani atakwambia huo umbali ni wa kubuni?

Sasa nijibu na hili. Kuna arusi Witu, hukufika? Kuna matanga Minjila, ulikosa? Ng'ombe mmoja akipotea, hutembei siku 2 kumtafuta? Ukiitwa na karani wa uchaguzi, hufiki? Miguu inayofika kote huko inashindwaje kufika palipo na kipimo?

Umbali unakuchelewesha. Kukuzuia, hapana. Hapo unajizuia mwenyewe.

Na tiba hii, kuliko tiba nyingi, imeumbwa kwa ajili ya mtu wa mbali. Haihitaji friji. Haihitaji kulazwa. Haihitaji nesi wa kukuchoma kila wiki. Dawa mbili, sofosbuvir na daclatasvir, kila moja mara moja kwa siku. Chupa moja huwa na vidonge 28. Chupa 3 za hii na chupa 3 za ile: matibabu yako yote yanaingia kwenye mfuko mmoja na nafasi inabaki. Unaweza kuvuka nayo kwa mtumbwi. Unaweza kuondoka nayo ukihamia malishoni na mifugo. Kwa hiyo ukipatikana na kirusi, usikubali kupewa vidonge vya wiki 2 halafu uambiwe rudi, rudi, rudi. Mwambie daktari unakotoka. Mwambie masika yanakuja na njia itakatika. Omba chupa zote mkononi mwako kabla mto haujafura.

Omba. Usinong'one.

Sitakutisha kwa uongo. Katika nchi yetu homa ya ini aina ya C haiko kila nyumba. Aina ya B ndiyo iliyoenea zaidi, na B nayo ina dawa ya kuituliza na ina chanjo ambayo watoto wa Kenya wamekuwa wakipata tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. C haina chanjo. Ndiyo maana ukienda sema hivi, kwa sauti: "Nataka kupimwa homa ya ini, B na C." Zote mbili siku moja. Umeshasafiri, umeshalipa nauli, kwa nini urudi na nusu ya jibu?

Pwani yetu ina sababu yake ya kuamka mapema. Heroini imepita Mombasa, imepita Malindi, imepita Lamu, na imeacha vijana wakigawana sindano. Utafiti uliofanywa Nairobi na Pwani katika muongo uliopita ulikuta kwamba kati ya watu 100 wanaojidunga, 13 hivi damu yao ilionyesha wameshakutana na kirusi cha C. Hao tunaowaita mateja, tukawapitia mbali barabarani, ni watoto wa nani? Wengine wametoka vijiji kama chako, wakaenda Malindi kutafuta kibarua. Na siku moja watarudi nyumbani. Malindi ina kliniki ya methadone, dawa ya kuwatoa watu kwenye heroini, tangu 2015. Kama una kijana wako huko, badala ya kumlaani kwa simu, mwambie aende, na akifika aombe kipimo cha ini.

Wewe usiyejidunga, usivimbe kichwa. Wembe wa kinyozi uliopita vichwa vitatu kabla ya chako umeuuliza umetoka wapi? Umechanjwa chale kwa kiwembe cha nani? Uliumikwa mgongo, damu ikatoka, na aliyekuumika alibadilisha kiwembe? Mtoto alipotahiriwa, walikuwa watoto wangapi na visu vingapi? Na ile sindano uliyoilazimisha! Maana tunaijua tabia yetu: mtu akipewa vidonge anaona hajatibiwa, anataka achomwe, na asipochomwa zahanati anamtafuta mtu wa dukani wa kumchoma.

Kwa sindano za namna hiyo Misri iliangamia.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu Misri ina habari yako wewe. Kule kwenye delta ya Nile watu walikuwa na kichocho, kama hapa kwenye delta ya Tana ambapo vijana wameogelea na kukojoa damu vizazi na vizazi. Tangu miaka ya 1950 mpaka mwanzo wa miaka ya 1980 serikali ya Misri ikawatibu kichocho kwa sindano, kijiji baada ya kijiji. Nia ilikuwa njema. Lakini mabomba yalikuwa ya kioo, yakitumika tena na tena bila kuchemshwa ipasavyo, na damu ya mtu ikaingia kwa mwenzake. Kichocho kikapungua, na kirusi ambacho wakati huo hata jina hakikuwa nalo kikaenea nchi nzima. Misri ikawa na homa ya ini aina ya C kuliko karibu nchi yoyote duniani: kama mtu mzima 1 katika kila 10.

Walikaa wakalia?

Mwaka 2015, katika kijiji kimoja cha delta hiyo kinachoitwa Al-Othmanya, kikundi cha madaktari wakiongozwa na Profesa Gamal Shiha kiliamua kutosubiri wagonjwa waje mjini. Wakaenda kijijini. Wakawafundisha watu wa kijiji wenyewe kuwa walimu wa wenzao, nyumba hadi nyumba. Wakapima watu zaidi ya 4,200, karibu 9 katika kila 10 waliostahili kupimwa. Waliokutwa na kirusi damuni walikuwa 300 na kidogo. Karibu wote wakatibiwa. Karibu wote waliotibiwa wakapona. Ndani ya mwaka mmoja!

Kijiji. Cha delta. Cha wakulima.

Kisha mpango ule ukaenda kwenye vijiji 73. Na serikali nayo ikainuka: kuanzia Oktoba 2018, kwa muda wa miezi 7 hivi, ikapima watu karibu milioni 50. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaitangaza Misri nchi ya kwanza duniani kufikia hatua ya dhahabu katika njia ya kuitokomeza homa ya ini aina ya C. Nchi iliyokuwa mfano wa aibu! Na usiniambie Misri ina fedha, kwa hiyo hailinganishwi nasi. Rwanda, jirani wa majirani zetu, ilitangaza Desemba 2018 kwamba itaitokomeza kwa miaka 5, ikapima wananchi wake kwa mamilioni. Bei nayo imeshuka mpaka inashangaza. Sofosbuvir ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 84,000 kwa wiki 12. Kufikia 2023 dawa za aina yake zilipatikana kwa mipango ya ununuzi ya nchi zetu kwa dola 60.

Dola 60. Mbuzi wako mmoja ni bei gani?

Najua, najua. Bei ya mpango wa ununuzi haiji yenyewe mpaka zahanati ya kijiji. Ukienda kesho asubuhi usitarajie kuzikuta dawa hizo rafuni. Pengine hata kipimo hutakikuta. Basi hapo ndipo wengi wetu hurudi nyumbani tukisema "nilijaribu." Hujajaribu. Umeuliza mara moja.

Uliza mara ya pili. Uliza mhudumu wa afya ya jamii, yule mwenye mkoba, mmoja wa wale zaidi ya 100,000 waliokabidhiwa vifaa Septemba 2023 nchi nzima. Amekuja kwako kupima presha na sukari. Mwambie kijiji kinataka kipimo cha ini, na ombi hilo alifikishe juu. Uliza nani anasimamia maabara Hola. Uliza kama mashine ya GeneXpert, hiyohiyo inayopima kifua kikuu, inaweza kuwekewa kifaa cha kupima wingi wa kirusi cha C, kwa sababu mashine ya aina hiyo inaweza. Maana kipimo cha kwanza, kile cha haraka, kinakuambia tu kwamba umewahi kukutana na kirusi. Ni kipimo cha pili kinachosema kama bado kimo. Usikubali kuondoka na hofu ya kipimo cha kwanza bila jibu la kipimo cha pili.

Kisha nenda kwenye kikao cha maoni ya bajeti ya kaunti. Ndiyo, wewe. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakupa haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na hakikuandika "isipokuwa watu wa Tana Delta." Vikao hivyo nimeviona: watu wanakwenda, wanakaa nyuma, wananywa soda, wanatia sahihi, wanaondoka. Halafu mwaka mzima wanalalamika chini ya mwembe. Simama! Sema "homa ya ini" mbele ya mwakilishi wadi wako, mbele ya karani anayeandika, mpaka aiandike. Wakikuuliza umetumwa na nani, waambie umetumwa na ini lako.

Unaogopa kusimama? Wewe?

Wewe wa Kilelengwani ambaye Septemba 2012 jina la kijiji chako lilisomwa kwenye redio za dunia nzima? Mapigano yale ya wakulima na wafugaji sitayachokonoa. Waliofiwa wapo, na watu wasiopungua 38 waliouawa, askari polisi 9 wakiwemo, hawageuki kuwa mapambo ya makala. Nasema hili tu. Nyumba ziliungua, watu walikimbia, na watu walirudi. Wakapanda tena. Wakajifunza, kwa tabu na kwa machozi, kuteka maji kwenye mto mmoja na mtu waliyekuwa wakimwogopa. Aliyeweza hayo atashindwa na foleni ya maabara? Na kirusi hiki hakina kabila. Ini la Mpokomo na ini la Muorma na ini la Mwardei yanapata makovu yaleyale. Siku mtakayopanga foleni moja ya kupimwa, mfugaji nyuma ya mkulima, mtakuwa mmetibu zaidi ya ini.

Sasa mambo machache ya kushika, haraka, kisha nikuache uondoke.

Kirusi cha C hakisambai kwa kula sahani moja, wala kwa kukumbatiana, wala kwa maji ya mto. Ukimtenga mgonjwa umemwonea bure, na umewafundisha wengine wote wafiche. Mficha maradhi, kifo humuumbua: wazee walisema hivyo na bado unaficha? Kabla ya kuanza vidonge lazima upimwe B, kwa sababu ukimfukuza C, B aliyelala anaweza kuamka. Kama unameza dawa za kifua kikuu, mwambie daktari, maana baadhi yake hazipatani na hizi. Kama ni mjamzito, sema. Kwa kawaida tiba husubiri mpaka baadaye. Mwenye ini lililokwisha kupata makovu anaweza kuongezewa wiki. Na mnazi, ndugu yangu, mnazi uweke chini. Ini linalopigana na kirusi huku wewe unalimwagia pombe kila magharibi litashinda kwa nguvu gani?

Na ukianza, maliza. Wiki 12 si wiki 5. Wiki ya 5 utajisikia vizuri, utasema "nimepona," utampa jirani chupa iliyobaki. Usithubutu! Meza leo, meza kesho, meza siku ya Idi, meza siku ya Krismasi, meza ukiwa malishoni, meza ukiwa juu ya paa na mafuriko chini yako. Ukimaliza, subiri wiki 12 nyingine, rudi upimwe. Hapo ndipo utaambiwa kirusi hakimo.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na ini limo tumboni, usisahau.

Mwalimu wa shule ya msingi, wewe una daftari na kalamu. Dada wa kikundi cha akiba, wewe una watu 20 wanaokusikiliza kila wiki. Imamu, mchungaji, mna kipaza sauti. Kijana wa bodaboda, wewe ndiye unayejua njia ipi inapitika leo. Kinyozi, wewe anza na kiwembe kipya kwa kila kichwa, na bei ya kiwembe iongeze kwenye kunyoa, mteja atalipa. Al-Othmanya haikuwa na watu wa aina nyingine tofauti na hawa.

Andikeni majina. Majina ya wanaotaka kupimwa, kuanzia jina la anayeandika. Mkifika 50, hamwendi Ngao au Hola mmoja mmoja kama waombaji. Mnapiga simu mkisema watu 50 wako tayari, leteni vipimo, na kama hamji tukodi gari tuje siku ipi? Mhudumu akiambiwa kuna mtu mmoja anaweza kusema "tutaona." Akiambiwa kuna 50 na orodha iko mkononi, atasema nini?

Jumatatu zahanati inafunguliwa asubuhi. Jina la kwanza kwenye daftari hilo ni la nani?